Jiwe Lililokuwa Mti: Jinsi Konifa za Kale Zinavyotambuliwa kwa Ubao Wake

Mtu aingiaye Mwanza kwa njia ya maji hupokewa na mawe. Jiwe la Bismarck limesimama ziwani karibu na ufuko, na nyuma yake vilima vya Bugando na Capri Point vimejaa majabali yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Mwanafunzi aliyesoma darasani kwamba miti ya zamani huweza kugeuka mawe ana haki ya kuyatazama majabali hayo na kuuliza: je, ndani yake mna gogo la mti wa kale?

Jibu ni la. Mawe ya Mwanza ni matale, ambayo pia huitwa graniti, nayo yalitokana na ujiuji wa moto ulioganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Miti ya kwanza duniani ilitokea miaka ipatayo milioni 390 tu iliyopita. Majabali yale, basi, yalikuwa yamekwisha kuwa makongwe mno kabla ya mti wowote kuota juu ya nchi kavu. Na hata kama miti ingalikuwapo, isingaliacha alama katika ujiuji wa moto. Atafutaye ubao wa kale hana budi kuiendea miamba ya namna nyingine: ile iliyofanyika kwa mchanga, tope au majivu ya volkano, tabaka juu ya tabaka.

Miamba ya namna hiyo ipo katika ziwa hilo hilo, upande wa Kenya. Katika Kisiwa cha Rusinga majivu ya volkano ya Kisingiri yalifunika misitu miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, zamani sana kabla ya Ziwa Viktoria lenyewe kuwapo. Mbegu na matunda yaliyogeuka mawe huko yalielezwa na Kathleen Chesters mwaka 1957, na mwaka 2014 watafiti walitangaza kuwa wamepata alama za visiki vya miti mahali pale pale palipopatikana mifupa ya sokwe wa kale aitwaye Ekembo. Lakini mimea iliyo mingi ya Rusinga ni ya jamii itoayo maua, yaani ndugu wa mvule na mkuyu. Msitu wa kale si lazima uwe msitu wa konifa.

Konifa ni nini? Ni ile miti ambayo mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda la kweli, bali hukaa wazi, mara nyingi katikati ya magamba ya koni. Misindano na mierezi ni konifa. Jamii hii ina historia ya zaidi ya miaka milioni 300, na kwa muda mrefu ndiyo iliyotawala misitu ya dunia kabla ya miti ya maua kushika nafasi. Leo katika Tanzania konifa za asili ni chache: mtarakwa wa milima ya kaskazini, ambao ubao wake mwekundu wenye harufu nzuri ulitumiwa kutengenezea penseli, na miti ya podo ya aina kadhaa. Misindano inayoonekana katika mashamba ya miti, kama lile la Rubya kisiwani Ukerewe au lile la Buhindi ng'ambo ya ghuba, ni mbegu iliyoletwa kutoka Amerika.

Gogo likizikwa na kugeuka jiwe, majani yamekwisha kuanguka, koni zimekwisha kuoza, harufu imepotea, na rangi ni ile iliyoletwa na madini. Kilichobaki ni ubao peke yake. Swali la makala hii ni moja: ubao peke yake unaweza kusema nini, na hauwezi kusema nini?

Yafaa kuanza dukani kwa muuza mbao. Chukua kipande cha mvule au cha mninga, ukate ncha yake kwa kisu kikali hadi iwe laini, kisha uitazame kwa lenzi ya mkono ikuzayo mara 10. Utaona matundu, mengine makubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Hayo ni midomo ya mirija, yaani mabomba yapandishayo maji toka mizizini. Sasa chukua kipande cha podo, ukikate vivyo hivyo. Hakuna matundu. Ncha yake ni kama kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa aina moja, safu baada ya safu, kutoka kwenye kiini hadi kwenye ganda.

Tofauti hiyo ndiyo mlango wa elimu yote hii. Mti wa maua umegawanya kazi: mirija hupitisha maji, nyuzi nyingine hubeba uzito. Konifa haikugawanya. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ubao wake ni seli za namna moja ziitwazo trakeidi, nyembamba kuliko unywele lakini zenye urefu wa milimita kadhaa, ambazo hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Trakeidi haina mdomo ulio wazi. Imezibwa pande zote. Maji hupita kutoka seli moja hadi nyingine kwa njia ya vishimo vidogo vilivyo katika kuta zake. Vishimo hivyo vitarudiwa baadaye, kwa kuwa ndivyo vitoavyo ushahidi mkubwa kuliko wote.

Miti miwili yaweza kumpoteza njia mwanafunzi asiye mwangalifu. Wa kwanza ni mvinje. Kwa mbali mvinje unafanana kabisa na msindano: vitawi vyembamba kama sindano, vitunda vigumu kama koni ndogo, na mvumo ule ule wa upepo. Lakini ubao wake una mirija, kwa maana mvinje ni mti wa maua. Sura ya nje ilidanganya, ubao ukasema kweli. Wa pili ni msindano wenyewe. Katika ncha yake huonekana vitundu vichache vilivyotawanyika, na anayeanza kazi atasema, "Hii ni mirija." Sivyo. Hiyo ni mifereji ya utomvu, iliyozungukwa na seli ndogo ndogo zinazotoa ule utomvu wenye kunata. Ni michache, haina mpango wa mirija, na podo na mtarakwa hawana kabisa. Hivyo mifereji hiyo, ikishatambuliwa, yenyewe huwa ni dalili nzuri ya jamii ya misindano.

Kwa kazi hii mwambao wa Ziwa Viktoria una hazina ambayo si wengi wanaoijua. Mkoani Kagera, katika Wilaya ya Missenyi, mpakani na Uganda, uko msitu wa Minziro. Sehemu yake kubwa hufurika maji ya mto Kagera katika majira ya mvua, na katika kinamasi hicho huota podo ambao wataalamu wa mimea huuita Afrocarpus dawei, kwa heshima ya Morley Thomas Dawe aliyefanya kazi ya mimea na misitu nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Podo kwa kawaida ni mti wa milimani. Ukimtaja mtu wa Usambara au wa Kilimanjaro, atakuonyesha mlima. Lakini huyu wa Minziro anasimama kwenye mita zipatazo 1,150 tu juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na uso wa ziwa, miguu yake ikiwa majini. Ni jambo la ajabu, nalo lina funzo zito kwa wanaosoma miti ya kale: ubao wa podo wa mlimani na ubao wa podo wa kinamasi unafanana mno. Mtu akipewa vipande viwili tu, bila kuambiwa vimetoka wapi, itamwia vigumu sana kusema kipi kilikulia ukunguni na kipi kilikulia matopeni.

Sasa ni vipi ubao hugeuka jiwe bila kupoteza umbo la seli zake? Gogo likizama katika tope au majivu mahali pasipofika hewa, viumbe viozeshavyo huchelewa kulila. Maji yapitayo ardhini huwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, hasa silika, ile ile inayofanya mchanga na kioo. Silika hupenya ndani ya seli, hujaza uwazi, kisha huganda katika kuta zenyewe kabla hazijaoza. Mahali pengine kazi hiyo hufanywa na madini ya chokaa. Ikiwa madini yamewahi, hata kishimo chenye upana wa sehemu moja kwa mia ya milimita hubaki. Yakichelewa, hubaki umbo la gogo tu, na ndani yake hamna cha kusoma. Mawe mengi yenye sura nzuri ya gogo ni ya namna hii, nayo hayana faida kwa mtafiti, yawe makubwa kiasi gani.

Kuna njia nyingine, nayo ni moto. Ubao ukiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hauwi majivu, huwa mkaa. Mkaa hauliwi na kuvu wala wadudu, na kuta za seli zake husimama kama zilivyokuwa. Ndiyo maana mkaa uliofukiwa wakati wa wafua chuma wa kale wa Kemondo, karibu na Bukoba, umeweza kudumu ardhini tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Na mkaa wa moto wa msituni waweza kudumu si maelfu ya miaka tu bali mamilioni. Una kasoro moja: ubao hunywea unapoungua, kwa hiyo vipimo vya upana wa seli zake havifai kulinganishwa moja kwa moja na vipimo vya ubao mbichi.

Ufundi wa kulisoma jiwe la mti ulianzia Uskoti. Mjini Edinburgh William Nicol aligundua kuwa kipande cha jiwe kikibandikwa juu ya kioo na kusagwa taratibu hadi kiwe chembamba sana, mwanga hupenya, na seli huonekana kwa hadubini kana kwamba mti ulikatwa jana. Henry Witham alitumia vipande vya namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1831, na tangu hapo elimu hii haikurudi nyuma. Siku hizi kipande husagwa hadi unene wa karibu milimita 0.03. Gundi iliyotumika kwa miaka mingi kukibandikia ilikuwa utomvu wa konifa ya Kanada, hata ikawa konifa iliyo hai inaishika konifa iliyokufa ili isomwe.

Kipande kimoja hakitoshi. Hutakiwa mikato mitatu. Wa kwanza hukatwa kwa kukingama, kama mtu akataye gogo la kuni. Huo huonyesha kama kuna mirija au hakuna, na pete za ukuaji zikoje. Wa pili huenda kwa urefu, kutoka kwenye ganda hadi kwenye kiini, kama mtu apasuaye kuni katikati. Wa tatu pia ni wa urefu, lakini hufuata ganda. Huu wa tatu huonyesha miale, yaani zile safu za seli zinazolala kutoka kiini kuelekea nje, na urefu wake huhesabiwa kwa idadi ya seli. Katika konifa mwale huwa mwembamba, mara nyingi upana wa seli moja tu.

Mkato wa pili ndio mfalme. Hapo kuta za trakeidi huonekana kwa upana wake, na vishimo vyake hujipanga mbele ya macho. Katika jamii ya Araukaria, ile ya miti mirefu ya Amerika Kusini na Australia ambayo hupandwa pia katika bustani za Afrika Mashariki, vishimo hubanana mno hata hupoteza uduara wake na kuwa na pembe sita kama masega ya nyuki, safu moja ikiingia katika nafasi ya safu nyingine. Katika misindano, podo na mitarakwa vishimo huwa vya duara, vimeachana, na vikiwa katika safu mbili husimama sambamba kama askari kwenye gwaride. Tofauti hii, mwanafunzi akiisha kuiona mara moja, haisahau.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi. Mahali mwale unapokatiza trakeidi pana njia panda ndogo, nayo ina vishimo vyake. Walther Gothan, Mjerumani, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1905 kwamba njia panda hizo zina thamani kubwa katika kutofautisha konifa, zilizo hai na zilizokufa. Katika misindano kadhaa njia panda nzima ni tundu moja au mawili mapana kama madirisha. Katika jamii ya mtarakwa kuna vishimo vichache vidogo, kila kimoja na ufa mwembamba katikati. Katika Araukaria vimo vingi, vimesongamana. Ukiongeza habari za mifereji ya utomvu na za uzi wa mzunguko unaopamba ndani ya trakeidi za mti wa Taxus wa Ulaya, unapata ufunguo wa kutosha kuifikia jamii, na mara nyingine jenasi. Spishi ni jambo jingine. Mwenye ubao peke yake asijigambe kuwa ameipata spishi.

Hata kuipata jamii kuna mitego. Ubao wa mzizi si sawa na ubao wa shina: trakeidi za mzizi ni pana zaidi, na vishimo huweza kupangwa safu mbili mahali ambapo katika shina ni safu moja. Ubao wa tawi lililoinama hupata nyufa za mzunguko katika kuta, ambazo mtu mwenye haraka atazidhania kuwa uzi wa Taxus. Kuvu nayo hula kuta na kuacha matundu yasiyokuwapo. Hivyo mti mmoja ulioanguka, ukavunjika na kuzikwa vipande vipande, waweza kupewa majina matatu na watu watatu waaminifu. Na msomaji wa orodha zao akadhani palikuwa na msitu wa aina tatu za miti.

Kosa lililo mashuhuri kuliko yote lilifanywa na mtu hodari. Mwaka 1859 John William Dawson wa Kanada alieleza magogo ya mawe aliyoyapata katika miamba ya kipindi cha Devoni huko Gaspé. Aliona nyuzi ndefu, hakuona mirija, akahukumu kuwa ni konifa iliyooza, akaipa jina Prototaxites, yaani Taxus wa kwanza. Mwaka 1872 William Carruthers alimpinga, akisema ni mwani mkubwa. Mwaka 2001 Francis Hueber alileta hoja kuwa ni kuvu, ingawa baadhi ya magogo hayo yana urefu wa mita 8. Mabishano hayajakwisha hadi leo, ila jambo moja limekubaliwa: si konifa. Dawson aliongozwa na alama moja tu, kukosekana kwa mirija, wala hakuona vishimo vya kweli wala miale ya kweli.

Alama hiyo moja ina udhaifu mwingine. Nchini Madagaska kuna mti mdogo wa maua uitwao Takhtajania perrieri, uliokusanywa mwaka 1909 kisha usionekane tena na wataalamu hadi mwaka 1994. Mti huo ni wa jamii isiyo na mirija kabisa. Na karibu na nyumbani, makaa ya mawe ya Mchuchuma yalitokana na misitu ya kipindi cha Permi iliyotawaliwa na mti wa Glossopteris. Mti huo haukuwa konifa, hali ubao wake una vishimo vilivyobanana vya namna ile ile ya Araukaria. Ndiyo maana jina Agathoxylon, wanalopewa mawe ya mti yenye vishimo hivyo, ni jina la umbo la ubao, si jina la ukoo wa mti. Mwisho huo "oxylon", ambao hutokea katika majina mengi ya namna hii, watokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ubao, na msomaji akiuona na autambue kuwa ni onyo.

Hayo yote hukutana mahali pamoja mbali na ziwa, kusini mwa Tanzania. Kilima cha Tendaguru, kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kinajulikana dunia nzima kwa mifupa ya madinosaria ya mwisho wa kipindi cha Jura, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kati ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa huko, kazi ikifanywa na mamia ya Watanganyika chini ya msimamizi wao hodari Boheti bin Amrani. Mnyama mkubwa kuliko wote waliomchimba, Giraffatitan, amesimama leo katika jumba hilo akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Shingo ya namna ile ilifikia majani gani? Hilo si swali la mapambo. Mnyama mkubwa kiasi hicho alihitaji chakula kingi kila siku, na mtu hawezi kusema aliishi vipi bila kujua misitu yake ilikuwa ya miti gani.

Kwa miongo mingi mifupa ilisemwa sana na mimea ilisemwa kidogo. Kisha Herbert Süss na Stephan Schultka wa Berlin waliugeukia ubao. Mwaka 2001 walitangaza kuwepo Tendaguru kwa ubao wa namna ya Glyptostroboxylon, na mwaka 2006 wakatoa maelezo ya mbao nyingine za konifa kutoka huko, zote zikiwa zimegeuka mkaa. Moto basi ulipita katika misitu ya Tendaguru, nao ndio uliotunza kile ambacho kuoza kungalikiharibu.

Jina Glyptostroboxylon lina maana ya ubao ufananao na wa Glyptostrobus, mti ambao leo umebaki kusini mwa China, Vietnam na Laos, nao ni mti wa kinamasi. Hapa ndipo mtu hushawishika kuchora picha haraka: Tendaguru palikuwa kinamasi, na dinosaria alikuwa akitembea matopeni kati ya miti ya namna hiyo. Lakini akumbuke podo wa Minziro. Yule anasimama majini, na ndugu zake wa karibu wanasimama mlimani, na ubao wao haukutangaza tofauti hiyo. Ikiwa ubao unanyamaza juu ya jambo hilo kwa ndugu walio hai leo, vipi utaaminiwa kulisema kwa mti uliotenganishwa na mwenzake kwa miaka milioni 150?

Tena ubao si shahidi pekee aliyeitwa. Eckart Schrank alichunguza chavua iliyohifadhiwa katika tabaka za Tendaguru, akakuta wingi wa chembe ziitwazo Classopollis. Chavua hiyo ni ya jamii ya konifa iliyokwisha kutoweka kabisa, Cheirolepidiaceae, ambayo ilipenda nchi zenye joto na mara nyingi ilivumilia ukavu na chumvi ya mwambao. Jamii hiyo haikuwa na ubao wa namna moja ulio wake peke yake. Mbao zake zimefanana na za jamii nyingine. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba baadhi ya mikaa iliyopewa majina ya jamii zilizo hai ni ya Cheirolepidiaceae, ikivaa nguo ya kuazima. Chavua nayo haina neno la mwisho, maana hupeperushwa na upepo kutoka mbali, hali gogo la mkaa halisafiri kwa wepesi huo. Kila shahidi ana udhaifu wake, nao hauko mahali pamoja. Kinachoweza kusemwa bila kusita ni kwamba misitu iliyoizunguka Tendaguru ilikuwa ya konifa, si ya mikuyu na mivule.

Mwalimu wa Mwanza hana haja ya kungoja sanduku litoke Berlin ili aonyeshe jambo hili. Mkaa upo. Achukue vipande vidogo vya msindano, mninga, mvinje na, akipata kwa muuza mbao, podo. Avikaushe, avitie katika kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, alifukie kopo katika makaa ya moto hadi moshi ukome kutoka tunduni. Kopo lisifunguliwe kabla ya kupoa kabisa, la sivyo hewa itaingia na vipande vitashika moto. Mkaa haukatwi kwa kisu. Huvunjwa kwa vidole, kwa maana panapovunjika seli hubaki safi bila kupondeka. Kila kipande kipewe namba badala ya jina, na wanafunzi waamue wenyewe kwa lenzi ya mkono ipi ni konifa. Mninga hautawasumbua. Mvinje utawagawanya, hasa wale walioukumbuka mti wenyewe kabla ya kuutazama mkaa wake. Msindano utaleta ubishi wa vile vitundu vichache vya utomvu.

Shule yenye hadubini iendelee. Kipande cha podo kikipasuliwa kwa urefu kuelekea kiini, na taa ikimulika kutoka ubavuni badala ya chini, kuta za trakeidi hung'aa kama hariri nyeusi, na juu yake, safu moja ikishuka kutoka mwisho hadi mwisho, huonekana vishimo vya duara vilivyoachana.